Landrova Isiyotaka Kuwaka

"Washa tena," alisema Githinji, kichwa chake kikiwa kimezama ndani ya boneti.

Okoth alizungusha ufunguo. Injini ikaguna, ikaguna tena kama mzee anayeamshwa kabla hajashiba usingizi, ikaitikisa Landrova yote kuanzia taa hadi mkia, kisha ikanyamaza.

Majirani waliopanga foleni ya ndoo penye mfereji walicheka kidogo, kicheko cha watu waliozoea. Truphena, mke wa Okoth, hakucheka. Wala hakuwa akiitazama injini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, turubai jipya la gari limemjaa mapajani, sindano kubwa ya kushonea magunia mkononi, na macho yake yakipita kwenye mikono ya watu, mmoja baada ya mwingine. Nani ameuficha mkono nyuma. Nani ameutia mfukoni.

"Moto haufiki kwa plagi," Githinji alisema. Akabandua kifuniko cha distributa, akachungulia, akapiga mluzi. "Mzee, rota haiko."

"Haiko vipi?"

"Haiko, ndio hivyo. Na jana jioni niliiweka mimi mwenyewe. Si ulikuwa umenishikia tochi?"

Okoth alishuka garini polepole. Alisimama kando ya Githinji, akatazama pale palipokuwa na rota, akajikuna kidevu. 

Rota yenyewe ni kadude tu ka plastiki, kadogo kama kidole gumba, kanakozunguka chini ya kifuniko na kuigawia kila plagi moto wake. Lakini bila kadude hako gari ni mabati. Na katika mwezi huo mmoja, hicho kilikuwa kitu cha tatu kupotea. Kwanza ulipotea waya wa koili. Halafu ikapotea jeti ya kabureta, kashaba kenye tundu la kupita unywele. Mtindo ulikuwa ule ule kila mara: kazi inakaribia kwisha, watu wanaambiana kesho itanguruma, na kesho ikifika kuna kitu hakipo.

Truphena aliichomeka sindano kwenye turubai.

"Githinji," aliita, kwa sauti ya kumwita mtu chai. "Hizi vitu, wewe ndio unajua mahali zinakaa."

"Ndio, mama. Kwani?"

"Nauliza tu. Hapa kwetu ni nani mwingine anajua rota? Mimi sijui. Kalekye hajui."

Kalekye, jirani wa mlango wa tatu, alijishika kiuno. "Mimi hata hiyo gari sijui mbele ni wapi!"

Watu wakacheka tena. Githinji hakucheka. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini, mchomeleaji wa madirisha na mageti, na chesisi yote ya Landrova ile, iliyokuwa imeliwa na kutu mpaka ikawa kama biskuti, ni yeye aliyeichomelea Jumapili baada ya Jumapili kwa malipo ya chai na chapati.

"Mama Winny, unaniita mwizi?"

"Sijakuita jina. Nimeuliza."

"Umeniuliza mbele ya watu."

"Vitu vinapotea mbele ya watu pia."

Githinji alijifuta mikono kwa suruali. Akaanza kuokota vifaa vyake kimoja kimoja, akiviinua juu ili foleni yote ione. "Hii spana namba kumi na tatu ni yangu. Hii plaisi ni yangu. Angalia vizuri, mama, nisije nikabeba yenu." Alipomaliza akamgeukia Okoth. "Na wewe mzee, hauna kitu cha kusema?"

Okoth alikuwa akilitazama gurudumu la mbele. "Wacha iishe, Githinji."

"Iishe?" Githinji alitikisa kichwa. "Sawa. Imeisha. Mimi hapa sikanyagi tena."

Geti la mabati likagonga nyuma yake. Ndoo ya Kalekye ilikuwa imejaa zamani, maji yakimwagika, na hakuna aliyekumbuka kuufunga mfereji.

*

Miaka thelathini na minane walikuwa wameishi Kaloleni, Nairobi, katika chumba kimoja na jiko. Okoth alikuwa fundi wa reli mpaka alipostaafu. Truphena alikuwa na kibanda chake soko la Muthurwa, cherehani moja ya kukanyaga, akishona yunifomu za shule na magauni ya kwaya. Mtoto wao mmoja, Winny, alikuwa ameolewa Eldoret. Kila walipokwenda Gem, kijijini kwa akina Okoth, walilala katika nyumba ya Frankline, mdogo wake Okoth, kwa sababu Okoth hakuwa amewahi kuanzisha boma katika shamba lake mwenyewe. Mke wa Frankline aliwapokea vizuri. Lakini Truphena, bibi wa miaka sitini na sita, alipika katika jiko la mwenzake akiuliza chumvi iko wapi.

"Hii gari ikiwaka, tunaenda," Okoth alimwahidi siku alipoileta, ikivutwa kwa kamba kutoka kwenye mnada. Miaka kumi na minne sasa. "Tutaingia shambani kwetu na gari letu. Jogoo nyuma, shoka nyuma, kama desturi inavyotaka. Nitakujengea jiko lenye madirisha mawili."

Truphena alingoja. Akangoja tena. Mwaka huu magoti yake yalipoanza kuukataa ukanyagio wa cherehani, alikata shauri. Aliurudisha ufunguo wa kibanda, cherehani akaileta nyumbani juu ya mkokoteni, na akamwambia Okoth kwamba mvua ya masika isiwakute Nairobi. Wakapanga siku: Jumamosi ya wiki ile ile rota ilipopotea. Kama Landrova haingewaka kufikia Jumamosi, mvua ingeanza, kupanda kungepita, na angekaa mwaka mwingine mzima kwenye kigoda kile, bila kibanda wala shamba, akihesabu ndoo za majirani.

Kwa hiyo alimshuku Githinji. Aliikumbuka mikono yake, ilivyoingia ndani ya boneti kama mikono ya mtu anayeingia kabatini mwake. Kisha, jioni ya siku hiyo hiyo, Jumanne, alianza kumshuku muuza vyuma chakavu anayepita na mkokoteni. Kisha akamshuku Kalekye, aliyecheka haraka mno. Alipokwisha kuwashuku watu wote wa mfereji, akabaki akitafuna jambo moja ambalo halikumezeka: Okoth alikuwa hajakasirika. Mtu ambaye akikosa soksi moja hupindua kitanda, alikuwa ameibiwa mara tatu na kusema wacha iishe.

Jumatano Okoth alikwenda Kirinyaga Road, akarudi na rota mpya mfukoni, akaiweka mwenyewe.

"Tujaribu sasa," Truphena alisema.

"Betri imelala. Wacha ichajiwe. Ijumaa."

"Ijumaa si ndio kesho kutwa?"

"Ndio hiyo Ijumaa."

Truphena hakubisha. Jua lilipoanza kushuka alichukua uzi wa buluu, akaupitisha kwenye kitasa cha boneti na kwenye tundu la grili ya mbele, akaufunga fundo lake la vifungo: mara tatu kuzunguka, ncha ikirudishwa ndani isionekane. Lilikuwa fundo la kazi yake, alilofunga mara elfu na elfu. Mtu angeweza kuukata uzi ule kwa kidole bila kujua ulikuwapo.

Alhamisi asubuhi, akifagia, aliinama pale mbele ya gari kama anayeokota karatasi.

Uzi ulikuwapo. Ulikuwa mzima, umenyooka.

Alishusha pumzi. Kisha akalipapasa fundo, na vidole vyake vikamwambia kabla ya macho. Lilikuwa limezungushwa mara moja tu. Ncha ilibaki nje, ndefu kama sharubu ya panya.

Alibaki ameinama vile vile, ufagio mkononi. Mwizi huukata uzi akaenda zake. Mwizi gani huyu anayeufunga tena? Anayejua kwamba kuna mtu ataukagua? Anayejali mtu huyo asiwe na wasiwasi?

"Umeangusha nini?" Okoth aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha uji mkononi.

"Hakuna kitu," alijibu Truphena. "Mgongo tu."

*

Alhamisi ni siku ya maombi ya akina mama kanisani. Truphena alifunga kitambaa chake cheupe kichwani, akachukua Biblia, akaaga kama siku zote. Alifika kanisani, akaketi, wimbo wa kwanza ukaimbwa. Katikati ya wimbo wa pili akamnong'oneza mwenzake kwamba ameacha maharagwe motoni, akatoka.

Hakuwa ameacha maharagwe. Aliongea na Mungu njia nzima, na hakumwomba msamaha kwa uongo ule. Alimwomba tu asikute anachokwenda kukikuta.

Aliliinua geti la mabati kidogo, lisikwaruze simiti. Ua ulikuwa mtupu saa hizo, watu wamekwenda kazini, nguo tu zimetanda kambani. Okoth alikuwa amekaa ndani ya Landrova, kiti cha dereva, mlango wazi. Magotini pake palikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, lile la zamani la bati, na mkononi alikuwa na ile rota mpya. Alikuwa akiisugua kwa leso. Aliisugua taratibu, akaipulizia pumzi, akaisugua tena, kama mtu anayemfuta mtoto pua.

Truphena alisogea hadi penye mlango wa gari. Ndani ya kopo aliona vifurushi vitatu vidogo, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha kitambaa cha kijani. Alikijua kitambaa kile. Kilikuwa masalio ya yunifomu alizoshona mwaka jana.

Okoth aliinua macho. Hakuruka. Hakuficha kitu.

Hapo kila tusi alilotoka nalo kanisani likamkauka mdomoni, kwa kuwa aliijua sura ile. Aliwahi kuivaa mwenyewe. Miaka mingi iliyopita mama mmoja aitwaye Mirriam alimletea kitambaa cha hariri cha kushonea gauni la harusi ya bintiye, na Truphena, kwa usingizi wa mimba, alikata mkono wa gauni upande usiofaa, kitambaa kikawa hakifai tena. Miezi miwili alimwambia Mirriam aje kesho. Sindano imevunjika. Mkanda wa cherehani umekatika. Uzi wa rangi hiyo umeisha mjini. Na kila jioni alikitoa kitambaa kile kwenye mfuko, akakipiga pasi, akakikunja tena vizuri, kana kwamba pasi ingemrudishia mkono. Okoth ndiye aliyekuwa akitoka nje kumwambia Mirriam kwamba fundi amekwenda kliniki.

"Baba Winny," alisema. "Umeharibu kitambaa cha nani?"

Okoth alielewa. Alilifunika kopo.

"Chetu," alisema.

"Sema."

"Shamba haliko."

Kuku wa mtu alipita katikati yao, akidonoa. Truphena alingoja mpaka apite.

"La Gem?"

"Nilimuuzia Frankline. Mwaka ule wa mnada."

Truphena aliitazama Landrova, toka boneti hadi mlango wa nyuma. Aliuona ule mgongo wake wa bati uliopakwa rangi ya kijani mara mbili. Aliviona viti alivyovishona upya kwa mikono yake, mshono wa kwanza na mshono wa pili juu yake, vidumu.

"Ukanunua hii."

"Nikanunua hii. Nilisema nitabeba mizigo ya watu, kwa mwaka mmoja ama miwili ninunue shamba tena kabla hujajua. Lakini injini ilikuwa imekufa kuliko nilivyodhani." Akalisogeza kopo magotini. "Halafu nikaona, maadamu haiwaki, hatuendi. Na maadamu hatuendi, shamba liko."

"Na mimi nikipita pale kwa matanga, nikiona Frankline amepanda mahindi, nilikuwa nafikiria anatulimia."

"Alikuwa anajilimia."

"Nilimshonea koti, Okoth. La shukrani."

"Najua."

"Alilivaa?"

"Alilivaa."

Alimtazama mumewe kwa muda, kama anavyokiinua kitambaa kwenye mwanga kuona kama ni pamba tupu au kimechanganywa. "Kuna mwanamke mwingine?"

"Hapana, Nyar Sakwa," alisema, akimwita binti wa Sakwa kama alivyozoea. "Mwanamke wa wapi?"

"Kuna kitu kingine chochote kwa hilo kopo?"

"Hakuna. Haki ya Mungu hakuna."

"Usimtaje Mungu. Nimetoka kwake sasa hivi na nimemdanganya juu yako." Akalinyooshea kopo kidole. "Na Githinji ukamwacha aitwe mwizi."

"Ni wewe ulimwita."

"Na wewe ukanyamaza."

 Okoth alifungua kopo tena, akalifunga tena. Truphena alivua kitambaa chake cha kanisa, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kiti cha abiria.

"Rudisha hiyo kitu mahali pake," alisema. "Narudi."

*

Kibanda cha Githinji kilikuwa kando ya barabara, nje ya mtaa. Alikuwa akichomelea grili ya dirisha, cheche zikiruka, miwani myeusi usoni. Alimwona Truphena na akaendelea kuchomelea mpaka ufito ule ukaisha.

"Karibu, mama. Umekuja na polisi ama wako njiani?"

"Rota imepatikana."

"Wacha! Ilikuwa wapi?"

Njia nzima Truphena alikuwa amelipima jambo hilo, kulia na kushoto. Akisema kweli, kabla ya jua kutua Kaloleni nzima itamjua Okoth kama mzee aliyeuza shamba la kumjengea mkewe. Akikaa kimya, mtu huyu atabaki mwizi penye mfereji siku zote za maisha yake.

"Ilikuwa kwa droo ya cherehani yangu," alisema. "Niliokota chini. Nikadhani ni kifungo cha koti."

Githinji aliivua miwani. Palikuwa na duara mbili safi kuzunguka macho yake. "Na ule waya wa koili?"

"Pia."

"Ulidhani ni kifungo?"

"Nilidhani ni lastiki."

Githinji akamkazia macho. Alizifahamu injini, na baada ya Jumapili zote zile alimfahamu Okoth pia. Truphena aliona jinsi lile jambo lilivyomwingia, likakaa, na jinsi alivyoamua kutolitoa nje.

"Utasema hivyo pale kwa mfereji?" aliuliza Githinji. "Mbele ya wale walisikia?"

"Ndio nimekuja kukuita. Usikie nikisema."

Walirudi pamoja wakati watu wanateka maji ya jioni, jua bado liko juu ya paa. Truphena alisimama katikati ya ndoo. Hakuzunguka. Alisema kwamba alimsingizia Githinji, kwamba vile vitu vilikuwa kwake, kwenye droo, kwamba macho yamezeeka na akili inafuata.

"Mama Winny!" Kalekye alipiga makofi. "Ati kifungo! Sasa wewe ungeshona hiyo plagi kwa suti ya pasta!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya ndoo yake. Truphena aliwaacha wacheke. Alisimama wima kama mtu anayepimwa nguo, na kicheko kikampima mwili mzima. Kutoka kwenye Landrova, Okoth alifungua mlango.

"Jameni," alisema, "Mama Winny hana makosa, ni mimi nili—"

"Washa gari, Baba Winny."

"Wacha niseme."

"Utasema. Hutasemea hapa. Washa."

Githinji alipita katikati yao, akainua boneti, akaingiza kichwa, akakagua waya, akakagua kabureta. Akabana kitu kwa spana namba kumi na tatu. Akakaa humo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakitoa kichwa, akafunga boneti, akaipiga mara mbili kwa kiganja.

Okoth akazungusha ufunguo. Injini ikaguna. Ikaguna tena. Halafu kitu kikashika ndani yake, ikapiga chafya ya moshi mweusi, na Landrova ikanguruma hata madirisha ya nyumba yakalia kwenye fremu zake.

Kelele zilizofuata zilitoka kila mlango. Watoto wakaziba masikio na kucheka. Mtu akapiga kigelegele. Kalekye akalishika dirisha la gari. "Sasa mnaenda kweli! Jumamosi, si ndio? Mtatuacha na nani?"

Truphena alizunguka upande wa pili, akapanda, akakaa. Kiti kilimpokea vizuri. Alikuwa amekijaza pamba mwenyewe na hakuwa amewahi kukikalia.

Mlango ukafungwa. Ndani, katikati ya mngurumo ule, walikuwa wawili tu. Okoth alikuwa amekanyaga klachi, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Twende wapi?" aliuliza, hakumtazama.

"Toka kwanza."

"Nikitoka nigeuke wapi? Mama Winny, niambie. Kwa Frankline? Kwa soko, ukaulizie kibanda?"

"Nimesema toka kwanza."

Githinji alikuwa amelifungua geti, mabawa yote mawili, amelishikilia moja kwa mgongo. Okoth akaingiza gia. Landrova ikaruka kidogo, ikatulia, ikaanza kusogea, na kwa kuwa turubai lake jipya, lililofungwa jana, lilikuwa refu kuliko kamba za nguo, wanawake wa ua walikimbilia magongo ya kuinulia kamba. Kamba zikapanda moja baada ya nyingine mbele yao, mashati ya shule yaliyofuliwa jioni hiyo, shuka, kanga, suruali za kazi, zote zikiyumba juu kabisa. Gari likapita chini yake pole pole, na maji ya nguo za watu yakaanza kudondoka juu ya turubai, tone moja, halafu mengi.